Funguo Tatu, Msumari Mmoja

Funguo tatu zilining'inia kwenye msumari mmoja sebuleni kwa Muhiba, kando ya kalenda aliyopewa bure na muuza mchele, na kila aliyeingia aliziona. Wageni walidhani ni za milango. Wanachama wa Ukuta Mmoja walijua fika ni za nini, lakini walikuwa wamezizoea kama mtu anavyozoea doa la maji kwenye dari yake mwenyewe. Ni Muhiba peke yake ambaye, tangu Desemba, alipita mbele ya ule msumari akiangalia kwingine.

Ukuta Mmoja kilikuwa chama cha wanawake kumi na tisa wa mtaa wa Umoja, wa nyumba zile zilizoongezwa vyumba mbele na juu mpaka zikagusana mabega. Kila Jumapili waliweka akiba. Aliyebanwa alikopa, na Desemba waligawana. Walikataa kuweka pesa zao kwenye simu kwa sababu laini husajiliwa kwa jina la mtu mmoja, na mtu ni mtu. Walikataa benki pia, kwa sababu benki, kama alivyosema Mideva mwenyekiti wao, hukuuliza unaenda kufanya nini na pesa zako kana kwamba umekuja kuomba za kwake. Basi wakaenda kwa wafua chuma wa Kamukunji wakatengenezewa sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Fundi aliwacheka. "Kufuli tatu, akina mama? Kwani mnafuga simba?" Ufunguo mmoja ulikaa kwa Mideva, wa pili kwa Muhiba aliyekuwa mweka hazina, na wa tatu kwa Nasike, jirani ya Muhiba, aliyekuwa akishona sare za shule. Sanduku lisifunguliwe ila wote watatu wawepo. Ilikuwa kanuni nzuri, na waliisimulia kwa maringo mbele ya vyama vingine.

Kilichoiua kanuni hiyo hakikuwa wizi. Kilikuwa wema. Mideva alipata zamu za jioni katika kiwanda cha nguo, akawa hapatikani, akauleta ufunguo wake kwa Muhiba. "Kaa nao, Mama Fahim, nisiwacheleweshe watu," alisema. Kisha mtoto wa Nasike akauangusha ufunguo wa mamake mtaroni, na Nasike akashinda kutwa akiutafuta kwa kijiti. Alipoupata aliuosha, akaugonga mlango wa jirani. "Kwako hakuna mtoto wa kuchezea vitu," alisema, na ni kweli, kwa maana Fahim, mwana wa pekee wa Muhiba, alikuwa amekwisha kuhamia Mombasa kikazi. Siku hiyo Muhiba akapigilia msumari. Alijiona amepewa heshima, na kwa hakika alikuwa amepewa. Hakumnyang'anya mtu madaraka. Aliletewa mlangoni, akayapokea kwa mikono miwili na kuwamiminia chai walioyaleta.

Halafu ukaja mwaka mgumu. Kila mtu ana mwaka wake mgumu anaoutaja, lakini ule ulikuwa wa wote. Bei zilipanda, makato yakaongezeka, maduka ya mjini yakafungwa jioni moja na asubuhi yake hayakufunguliwa. Katika kijiduka chake cha leso kule Majengo, Pumwani, alikozaliwa, Muhiba aliwaona wateja wakishika kitambaa, wakiuliza bei kwa sauti ya chini kama wanaomwulizia mgonjwa, kisha wakienda zao. Waliokopa katika sanduku walianza kuomba wiki moja zaidi, kisha mwezi, kisha wakaacha kuomba na kuanza kukwepa. Kila Jumapili wanawake walikuja na vijisenti vyao, Muhiba akafungua kwa zile funguo zake tatu, akatia, akafunga. Wenzake waliona noti za juu. Aliyeona chini ni yeye.

Asubuhi moja ya Oktoba, wali ukiwa jikoni, alilivuta sanduku kutoka chini ya meza ya televisheni akalifungua peke yake. Hakuhitaji kalamu. Kilichokuwamo kisingewatosha watu, na waliokopa hawangelipa. Kanuni ilisema kwamba anayetaka kutoa akiba yake kabla ya Desemba awaambie kwanza wenye funguo, wote watatu, na wakubali. Muhiba akawaambia. Yaani alikaa pale sakafuni, akajieleza shida yake, akajihurumia, akajikubalia, na hapakuwa na aliyempinga. Akatoa akiba yake yote, si senti zaidi, akaitia katika mkebe wa unga uliokuwa mtupu, akaukaza kifuniko. Alipokumbuka jikoni, wali ulikuwa umeungua.

Ni yangu, alijiambia. Na ilikuwa yake. Hilo ndilo lililomkosesha raha. Angekuwa ameiba, angalau angejua ajiite nani.

Alidhamiria kuirudisha. Alisema kesho, na kesho yake akasema baada ya Ijumaa. Lakini Novemba habari zilivuja, kama zinavyovuja siku zote, kwamba sanduku la Ukuta Mmoja limekuwa jepesi. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa Habibo, muuza nguo za watoto, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alitaka chake. Muhiba angemkataliaje, yeye aliyekwisha kujikubalia? Akampa. Kesho yake wakaja wawili, kisha wanne, na wote aliwapa, mpaka noti zikaanza kuonyesha chuma kilichokuwa chini yake. Ambaye hakuja ni Nasike. Watu walimwambia akimbie, akawacheka. "Nikimbilie nini? Si Mama Fahim yuko pale? Pesa zangu ziko nyuma ya ukuta wangu mwenyewe," alisema, akaendelea kushona.

Desemba sanduku lilipofunguliwa mbele ya wote, fungu la Nasike lilitosha mkate na majani ya chai. Wengine watano, waliotangulia kuhesabiwa, walipata nusu au pungufu. Muhiba aliketi kando ya Nasike mikono ikiwa mitupu, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu kila mtu aliona ni jambo la kawaida kwamba mweka hazina mwaminifu ndiye wa mwisho kujipakulia. Nasike alimshika mkono. Hakuwa na machozi. "Angalau mimi na wewe tumepoteza pamoja," alimwambia. Muhiba aliuacha mkono wake pale ulipokuwa, ukiwa baridi.

Januari, shule zilipofunguliwa na kodi ya nyumba ikawa imelimbikizana, Nasike aliuza cherehani. Wanaume wawili waliibeba hadi kwenye mkokoteni. Kwa miaka mingi Muhiba alikuwa ameisikia ile cherehani kupitia ukutani, ikikimbia na kusimama, ikikimbia na kusimama, na mara nyingi alikuwa amelalamika kimoyomoyo kwamba inamsumbua. Sasa ukuta ukawa kimya. Nasike akaanza kuwafulia watu nguo katika mitaa ya Buruburu na Donholm, akitoka asubuhi na karai begani. Na mle chumbani, chini ya kitanda cha Muhiba, mkebe wa unga ulikuwa na pesa ambazo zingeizuia ile cherehani isitoke mlangoni. Hakuwa ametumia hata noti moja. Hakuwa na shida nazo. Alikuwa amezitoa kwa woga tu.

Alijaribu kulipa kwa vijia vya pembeni. Alipika pilau, akapeleka sahani. Alimpa mtoto wa Nasike viatu, akasema Fahim ametuma. Kila mara Nasike alimwombea dua ndefu, kwa jina la Yesu na kwa jina la Mungu wa Muhiba pia asije akakosea, na kila dua ilimwingia Muhiba kama kibanzi. Alifikiri pia kumwachia zile pesa mlangoni bila kusema neno. Lakini Nasike asingetulia. Angezunguka mtaa mzima akiuliza nani kapoteza pesa, na mtu wa kwanza ambaye angempelekea azihifadhi angekuwa Muhiba.

Jioni moja walikuwa wameketi pamoja wakichambua mchicha, televisheni ikiwa imewashwa. Habari ilikuwa juu ya chama kimoja kikubwa cha akiba huko mjini kilichofunga milango. Walimu na askari wastaafu walisimama nje wakishika karatasi zao. Ilisemekana kwamba wakuu wa chama hicho walikuwa wametoa akiba zao wiki chache kabla. Kisha akatokea mzee mwenye tai akasema hali itachunguzwa, mageuzi yataletwa, na wakati huo huo uongozi uliopo utaendelea ili watu wasipate wasiwasi.

"Unawaona?" Nasike alisema, akitupa shina la mchicha kwa hasira. "Wanajua kwanza, wanatoa kwanza, halafu wao ndio wanaambiwa watengeneze. Hata hawajaiba, ati. Wametoa zao tu! Mimi afadhali mwizi. Mwizi anajua anatoroka."

Muhiba alizidi kuchambua. "Pengine waliogopa," alisema.

"Na sisi wengine tuna nini, si ni hofu hiyo hiyo?" Nasike alimtazama, akacheka kidogo, akampiga begani kwa mkono wenye maji. "Roho yako itakuua, Mama Fahim. Unawatetea hata hao. Wangekuwa na mtu kama wewe pale kwenye funguo, hao wazee wasingelia."

Muhiba aliinuka akaenda jikoni kutafuta chumvi ambayo haikuhitajika. Alisimama mbele ya sinki mpaka habari za michezo zikaanza.

Mkutano wa mwaka ulifanyika nyumbani kwa Mideva, Jumapili moja ya Februari, na safari hii watu hawakuja kwa uvivu. Hata wasiohudhuria mazishi walihudhuria. Mideva alifungua kwa sala, kisha akakaribisha chai. Habibo alikisukuma kikombe chake mbali.

"Mimi sitaki chai," alisema. "Nataka mageuzi. Mtu moja anashika funguo tatu, hiyo ni chama ama ni duka yake? Na nataka kuuliza kitu moja tu, mnijibu. Nani alijua kwanza kwamba sanduku inakauka?"

Lilikuwa swali ambalo Muhiba alikuwa amelisubiri tangu Oktoba, na alishangaa kuona kwamba lilipofika, sehemu fulani ya moyo wake ililipokea kama mgeni aliyechelewa. Aliweka kikombe chini.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyejua kwanza. Na nilipojua—"

"Sasa si lazima ajue?" Nasike alikuwa amesimama. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa sabuni, na alivielekeza kwa Habibo kimoja kimoja. "Si sisi tulimtupia mzigo wote? Mideva aliona kazi, akaleta ufunguo. Mimi nikaona mtoto, nikaleta. Wewe Habibo ulikuja kuuliza Jumapili gani funguo ziko wapi? Alijua, akanyamaza asitutie hofu. Ulipotaka chako alikupa. Na yeye mwenyewe je? Alitoka mikono mitupu kama mimi. Mniambie ni nani mwingine hapa ana roho hiyo."

"Nasike, hebu ngoja," Muhiba alisema.

"Singoji. Wewe hujui kujitetea."

Mtu mmoja akapiga makofi, na makofi yakashika chumba kizima. Hata Habibo aliinamisha kichwa, akakivuta kikombe chake akanywa. Muhiba alibaki amefungua mdomo. Alikuwa na sentensi moja tu, fupi, ambayo angeweza kuimaliza hata katikati ya makofi kama angetaka kweli. Hakuimaliza. Alijiambia kwamba kelele zimezidi.

Basi mageuzi yakapitishwa. Kufuli ya nne iongezwe, na ufunguo wake apewe Habibo, kwa kuwa ndiye mwenye mdomo. Muhiba mwenyewe alisimama akapendekeza kwamba funguo zisilale tena nyumba moja, kamwe, hata kwa usiku mmoja, na alisema maneno hayo kwa nguvu hata Mideva akamwangalia mara mbili. Walikubali wote. Ilipofika zamu ya kuchagua mweka hazina, kila mtu alimtazama mwenzake. Muhiba alisema amechoka, achaguliwe mwingine. Walimwona mnyenyekevu. "Nani mwingine anaijua kazi?" Mideva aliuliza, na mikono ikapanda yote, wa Nasike ukiwa wa kwanza.

Hata hivyo alipowarudishia wenzake funguo zao na kuona msumari wenye ufunguo mmoja tu, alilala vizuri. Kwa majuma kadhaa alijifariji kwamba mambo yamerekebishwa. Labda hapakuwa na haja ya kuchimbua ya nyuma. Kufuli zilikuwa nne, nyumba zilikuwa nne, na yeye alikuwa mtu mmoja tena.

Kisha Habibo akabisha hodi, akiwa amevaa nguo za safari.

"Mama Fahim, ndugu yangu anaoa Garissa. Naenda wiki mbili. Kaa na hii."

"Mpelekee Mideva."

"Mideva namtoa wapi? Na zamu zake unazijua."

"Habibo, si wewe uliyesimama pale ukasema mtu mmoja asishike funguo zote?"

"Nilisema, na bado nasema," Habibo alijibu bila kupepesa jicho. "Lakini hiyo ni kwa watu. Wewe ni wewe." Akaingia mwenyewe sebuleni, akautundika ufunguo wake msumarini kwa wepesi wa mkono uliozoea, ingawa haukuwahi kufanya hivyo, akaondoka akiita bodaboda.

Mideva hakuchukua muda. Kiwanda kilikuwa kimepunguza watu, na waliobaki walifanya kazi za walioondolewa. Alikuja akiwa na pamba nyweleni, macho yamemwingia ndani. "Najua tulivyokubaliana," alisema. "Lakini nikiupoteza huu, Mama Fahim, nitawaambia nini watu? Kwako angalau najua uko." Hakuketi. Muhiba alikuwa ameandaa maneno ya kukataa, lakini aliutazama uso wake uliochoka, na maneno yakaisha. Akamfungia chapati mbili kwenye karatasi.

Funguo tatu zikaning'inia tena, kando ya kalenda mpya ya muuza mchele yule yule. Ulibaki wa Nasike. Muhiba alizitazama safari hii bila kugeuza macho. Hakuna aliyemlazimisha mtu. Hakuna aliyekula njama. Watu walikuwa wamechoka tu, kila mmoja kwa haki yake, na uchovu wao wote ulikuwa ukiteremka kuja kukusanyika pale ukutani kwake. Na mwaka mwingine mgumu ungekuja. Angelifungua sanduku peke yake asubuhi moja, wali ukiwa jikoni, na angejua kwanza. Alitaka kuamini kwamba safari hiyo angefanya tofauti, akajichunguza kwa uaminifu, na hakuwa na hakika. Aliona aibu iliyomfanya akae kitini.

Jumamosi hiyo, baada ya chakula cha mchana, alitafuta nyundo ya marehemu mumewe. Aliziondoa funguo, akaziweka mezani, akaushika msumari kwa kucha za nyundo. Ulikuwa umezama sana. Alipovuta, ukuta wote ulitoa mlio.

"Mama Fahim!" sauti ya Nasike ilipenya kutoka upande wa pili. "Unajenga ghorofa bila kuniambia?"

"Nabomoa!" Muhiba alijibu.

Alimsikia akicheka. Msumari ulichomoka na vumbi la plasta, ukaacha tundu lisilo kubwa. Muhiba aliingia chumbani, akapiga magoti, akauvuta mkebe kutoka chini ya kitanda. Aliuleta sebuleni akauweka mezani kando ya funguo. Alifikiri apike chai kwanza, kisha akaona kwamba akianza na chai atamaliza na chai.

Hakuwa bado amekwenda kumwita Nasike aliposikia mlango wake ukifunguliwa, na ndala zake zikija.

"Nilikuwa nakuja hata kabla ya hizo kelele," Nasike alisema, akiingia bila kubisha kama kawaida yake. Mkononi alikuwa na ufunguo. "Najua tulisema kila mtu abaki na wake. Lakini huu nao, nikiinama kwenye karai la watu unaanguka. Jana nimeutafuta kwenye povu la mtu Donholm mpaka nikatoa jasho. Wacha ukae na wenzake."

Alinyoosha mkono kuelekea ukutani. Mkono ukasimama hewani. Nasike alilitazama tundu, akaitazama plasta iliyomwagika sakafuni, akamgeukia Muhiba.

"Msumari umeenda wapi?"

"Nimeung'oa."

"Sasa nitautundika wapi huu?"

Muhiba alikuwa ameandaa maneno mengi, ya mwaka mgumu, ya woga, ya kwamba zilikuwa zake, na yote yalimtoka kichwani. Alichoweza ni kuusukuma ule mkebe polepole juu ya meza, mpaka ukafika upande wa Nasike. Nasike aliuangalia, na uso wake ukang'aa. Kwa muda mrefu hawakuwa wamepika pamoja.

"Kumbe leo unataka tupike pamoja! Chapati?"

"Ufungue," Muhiba alisema.

Nasike aliuinua mkebe, akaona haukuwa na uzito wa unga, akakunja uso kidogo. Alijaribu kifuniko kwa mkono mmoja. Kilikuwa kimekazwa sana, kilitaka mikono miwili, na mkono wake mwingine ulikuwa bado umeushika ufunguo. Akaangaza huku na huku chumbani, akitafuta pa kuuweka.